Uzi: Hati ya usajili ipo ukutani, barua ya kodi iko wapi? (Kwa wenye mashirika yasiyo ya faida)

MTUNZA LEJA (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka aruke. Naandika kwa sababu wiki hii nimepokea simu ya tatu mwaka huu kutoka kwa mtu mwenye tatizo lile lile nililolikuta nilipokabidhiwa uweka hazina wa shirika moja dogo miaka sita iliyopita.

Siku ya makabidhiano niliomba faili la kodi. Mwenyekiti, mzee mwenye heshima zake, akanyoosha kidole ukutani, ilipotundikwa hati ya usajili ndani ya fremu ya kioo. Nikamwambia, "Mzee, hiyo nimeiona, naulizia ya kodi." Akanijibu, "Ndiyo hiyo hiyo. Sisi hatufanyi biashara."

Shirika lilikuwa na umri wa miaka minne na halijawahi kupeleka ritani, yaani taarifa ya hesabu kwa mamlaka ya kodi, hata moja. Hakuna aliyekula hela. Waliamini kwa moyo mweupe kabisa kwamba ukishasajiliwa kuwa shirika lisilo la faida basi wewe na kodi mmeachana. Kulisafisha kulituchukua miezi kumi na minne, na mfadhili mmoja akaondoka katikati kwa sababu hatukuwa na hesabu zilizokaguliwa za kumpa.

Kosa la mzee yule ndilo kosa la wengi: alidhani usajili na msamaha wa kodi ni kitu kimoja. Karibu kila nchi ninayoifahamu, hivi ni vitu viwili, vinatolewa na ofisi mbili ambazo pengine hazisalimiani.

Marekani unaanzia jimboni, unasajili shirika na kupata cheti. Hapo kwa kodi ya serikali kuu bado huna kitu. Unachukua namba ya mlipakodi, unajaza Fomu 1023 kwenda IRS, mamlaka yao ya kodi, na ni IRS inayoamua kama unaangukia kifungu cha 501(c)(3), kile cha mashirika ya hisani. Ukiomba ndani ya miezi 27 tangu kuanzishwa, msamaha unahesabiwa kuanzia siku mlipozaliwa. Ukichelewa, kwa kawaida unahesabiwa kuanzia siku ulipoomba, na ile miaka ya nyuma ni yako mwenyewe.

England na Wales unajiandikisha Charity Commission, tume inayosimamia mashirika ya hisani. Lakini nafuu za kodi, pamoja na ile ya kurudishiwa kodi kwenye michango ya watu, unaziomba HMRC, mamlaka yao ya kodi, kwa maombi mengine.

Tanzania Bara hati anatoa Msajili wa NGO. Hadhi ya hisani kwa ajili ya kodi ya mapato inatolewa na TRA, mamlaka ya kodi, kwa uamuzi wa Kamishna, chini ya kile kifungu ambacho wahasibu wote wanakiita "sitini na nne". Kenya vivyo hivyo: msajili ni ofisi moja, cheti cha msamaha kinatoka ofisi nyingine, KRA, ya kodi, na kina muda wake, miaka 5, kikiisha unaomba upya.

Afrika Kusini ndiko kulikonichekesha zaidi. Kuna usajili wa shirika, kuna msamaha wa kodi wa shirika lenyewe, halafu kuna kibali cha tatu, cha kifungu cha 18A, cha kuwawezesha wachangiaji wako kupunguziwa kodi zao. Unaweza kuwa na viwili vya kwanza ukamwandikia mchangiaji stakabadhi ya 18A usiyoruhusiwa kuitoa. Hapo unakuwa umemponza na yeye.

Sasa, mlango wa kwanza, wa usajili, unauliza majina, katiba, wajumbe, anwani. Ukiwa na karatasi zote unapita. Mlango wa kodi hauulizi sana mnajiita nani. Unauliza hela inatoka wapi, inaenda wapi, na nani ananufaika. Ndiyo maana katiba iliyonakiliwa kutoka shirika jingine inapita vizuri mlango wa kwanza na kukwama wa pili. Malengo yetu yalikuwa kumi na saba! Kuanzia elimu ya wasichana hadi "kufanya biashara yoyote halali kwa manufaa ya wanachama". Hayo maneno manne ya mwisho, "kwa manufaa ya wanachama", yalitukalisha miezi mitano.

Kabla hujapeleka katiba popote, soma kifungu cha kuvunjwa kwa shirika. Kama hakipo, au kama kinasema mali itagawanywa kwa wanachama, huna shirika la hisani, una ushirika wa watu wenye nia njema. Mali iliyobaki baada ya kulipa madeni inapaswa kwenda kwa shirika jingine lenye malengo yanayofanana.

Na hili jina "lisilo la faida" limetuletea matatizo mengi. Watu wanadhani mwisho wa mwaka lazima akaunti isome sifuri, wanakimbizana mwezi wa mwisho kununua viti. Kubaki na ziada si dhambi. Dhambi ni kugawana. Ningepewa nafasi ya kulibatiza upya ningeliita shirika lisilogawana faida.

Nitaendelea na mambo ya mishahara, ndiko tulikoumia. Ngoja nipumzishe mkono.

NYUKI MFANYAKAZI

Shukrani mkuu. Sisi tuko saba, tunachangishana wenyewe kulipia ada za watoto kadhaa. Hatuna ofisi wala mfadhili. Na sisi tujisajili?

MTUNZA LEJA

Mkuu, kama mnachangishana mifukoni mwenu na hamwombi hela kwa umma, sehemu nyingi hamlazimiki kukimbilia usajili mkubwa. England kwa mfano kundi dogo la hisani linalazimika kujiandikisha mapato yake yakizidi pauni 5,000 kwa mwaka. Kwingine hakuna kiwango, ukifanya kazi za NGO unasajiliwa hata kama mfuko ni mdogo, kwa hiyo angalia sheria ya ulipo.

Ila fikirieni hili. Kundi lisilo na utu wa kisheria haliwezi kumiliki kitu wala kushtakiwa kwa jina lake. Akaunti ya benki ni ya mtu. Pango la nyumba limesainiwa na mtu. Ikitokea ajali kwenye shughuli yenu, anayetafutwa ni yule aliyesaini. Na akifariki mwenye akaunti, hela za ada zinaingia kwenye mirathi. Nimeliona hilo kwa macho yangu, mjane hakuwa na ubaya wowote, alikuwa hajui tu kwamba zile hela si za mume wake.

Angalau andikeni katiba ya kurasa mbili na daftari la mapato na matumizi. Siku mkitaka kukua mtakuwa na historia.

WAKILI MSTAAFU

Mleta uzi umeeleza vizuri, niongeze kidogo na nikunyooshe mahali.

Kwa Tanzania Bara, watu wajue kuwa msajili si mmoja kwa kila aina ya taasisi. NGO ziko chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002. Jumuiya za dini, za kitaaluma na za kijamii zina Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani. Bodi za wadhamini zinaundwa RITA, wakala wa usajili, ufilisi na udhamini. Zamani wengi walijisajili BRELA, wakala wa usajili wa makampuni, kama kampuni yenye ukomo wa dhamana na kufanya kazi za NGO humo humo. Marekebisho ya 2019 yalifunga uchochoro huo. Tangu hapo pia hati ya NGO ina ukomo wa miaka 10, kwa hiyo ile fremu ya ukutani ina tarehe ya kuisha na watu wengi hawajawahi kuigeuza kuiangalia. Zanzibar wana sheria yao na msajili wao, hati ya Bara haivuki maji.

Kenya nayo imebadilika. Sheria ya mashirika ya manufaa ya umma ilipitishwa 2013 ikakaa kabatini miaka kumi na moja, ikaanza kutumika Mei 14, 2024, na kuchukua nafasi ya ile sheria ya NGO ya 1990. Kwa hiyo mtu anayekutumia mwongozo wa mwaka 2020 anakupoteza, hata kama nia yake ni nzuri.

Kuhusu nani anastahili msamaha: mzizi wa haya yote ni Uingereza. Mwaka 1601, enzi za Elizabeth wa Kwanza, ilitungwa sheria ya matumizi ya hisani, utangulizi wake ukaorodhesha mambo kama kusaidia wazee na maskini, shule, kukarabati madaraja na barabara. Mwaka 1891, kwenye kesi ya Pemsel, mabwana wa House of Lords, waliokuwa mahakama ya juu kabisa wakati huo, wakayapanga mafungu manne: kuondoa umaskini, kuendeleza elimu, kuendeleza dini, na mengineyo yenye manufaa kwa jamii. Mataifa mengi yaliyorithi sheria za Kiingereza bado yanatembea ndani ya mafungu hayo, kila moja likikata na kuongeza. Soma kifungu cha 64 cha sheria ya kodi ya mapato ya Tanzania ya 2004 utakuta umaskini na dhiki ya umma, elimu, halafu afya ya jamii, maji na barabara. Barabara! Ukijua historia unaona kabisa ule utangulizi wa 1601 umekaa pale.

Faida ya kujua hili si kujionyesha. Unapoandika malengo, tumia maneno ya sheria ya kodi ya nchi yako. Kama kazi yenu ni kuchimba visima, andika maji. Usiandike "kuchochea ustahimilivu wa jamii". Anayepima ombi lako ana kifungu mkononi na anatafuta neno lake.

MTUNZA LEJA

Heshima yako mzee, hapo kwenye visima umemaliza kila kitu.

Niongezee tu kwamba hata ukipewa hadhi, Tanzania si kwamba unafutwa kwenye vitabu. Sheria inakuchukulia kama unafanya "biashara ya hisani": michango yote inaingia kama mapato, kisha unatoa kiasi ulichotumia kwenye malengo yako, na unatoa tena asilimia 25 ya mapato. Kinachobaki juu ya hapo kinatozwa kodi. Ukitaka kulimbikiza zaidi ya hapo kwa mradi mkubwa, tuseme jengo, unamwomba Kamishna kabla. Na asiye na ile hadhi anahesabiwa kama taasisi nyingine yoyote, asilimia 30 ya kinachobaki.

Kwa hiyo bado kuna makadirio, bado kuna ritani ya mwisho wa mwaka. "Nimesamehewa" maana yake hesabu yako ikija sifuri umeionyesha namna ilivyofika sifuri.

MJOMBA KALAMU

Samahanini, mimi naona huu ni usumbufu mtupu. Mtu anasaidia yatima, serikali imeshindwa, halafu aje aulizwe ritani? Walioiba wanajulikana, waachwe wanaosaidia watu.

MTUNZA LEJA

Mjomba, nakuelewa na kuna siku nilisema maneno hayo hayo kwa sauti kubwa zaidi. Ila nikupe kisa cha kweli.

Mwaka 1947 kiwanda cha tambi Marekani, C. F. Mueller, kilinunuliwa kwa ajili ya shule ya sheria ya New York University. Kiwanda kikaendelea kutengeneza tambi kama kawaida, kikasema sasa hakidaiwi kodi ya mapato kwa kuwa faida yote inaenda kusomesha mawakili. Na kisheria kilikuwa na hoja. Mahakama ya rufaa ilikipa ushindi mwaka 1951 kwa kodi ya miaka ya nyuma. Fikiria wewe ni mtengeneza tambi wa jirani, unalipa kodi, unashindana na mtu asiyelipa. Bunge lao lilishaona, mwaka 1950 likaweka kodi kwa biashara ya shirika la hisani isiyohusiana na lengo lake. Chuo kiliendelea na tambi zake hadi kikakiuza kiwanda mwaka 1976 kwa dola milioni 115.

Kwa hiyo swali la ofisa wa kodi si tusi. Shirika lenye duka, ukumbi wa kukodisha au shamba linapaswa kujua kama shughuli ile ni sehemu ya lengo au ni tambi. Ukumbi unaofundishia watoto siku tano na kukodishwa kwa harusi Jumamosi, ile Jumamosi ni tambi. Iwekee daftari lake.

MJOMBA KALAMU

Hahaha, sawa mkuu. Tambi nimeielewa. Ila ritani bado siipendi.

DADA TAKWIMU

Mimi ni ofisa mradi. Tuna vijana wa kujitolea kumi na wawili, tunawapa "posho" kila mwisho wa mwezi, kiasi kile kile, na tukiwahitaji Jumamosi wanakuja. Mhasibu wetu anasema posho haina kodi. Yuko sahihi?

MTUNZA LEJA

Dada yangu, umeniwahi. Hapo ndipo sisi tulipodondokea.

Deni letu lote la miaka ile minne halikuwa kodi ya mapato ya shirika, kwa sababu hela yote ilikuwa imetumika kwenye malengo na baadaye ilieleweka. Deni lilikuwa kodi za watu wengine ambazo tulitakiwa kuzikata na hatukuzikata. Kodi ya mishahara, na kodi ya zuio kwenye pango na kwa washauri. Msamaha wa shirika hauna uhusiano wowote na hizi. Kodi ya mshahara ni ya mfanyakazi, wewe ni mkusanyaji tu. Usipoikusanya unailipa kwa mfuko wako, na riba juu. Na hakuna mfadhili atakayekuruhusu kulipia faini kwa hela ya mradi. Itabidi zitoke kwenye hela zenu zisizo na masharti, ambazo mashirika madogo hayana.

Marekani wamekwenda mbali zaidi: kodi iliyokatwa kwenye mshahara isipofikishwa, IRS inaweza kumdai mtu binafsi aliyekuwa na mamlaka ya kulipa, kiasi chote. Mweka hazina, mkurugenzi, hata mjumbe wa bodi anayesaini hundi. Hapo ndipo utajua uweka hazina si cheo cha heshima.

Sasa vijana wako. Jina la malipo halina uzito. Anayerudishiwa nauli na chakula kwa stakabadhi, kiasi alichotumia, huyo anajitolea. Anayepokea kiasi kisichobadilika kila mwezi, ana saa za kazi, ana bosi, na asipokuja anaulizwa, huyo ni mwajiriwa hata mkimwita malaika. Inawezekana kiasi chake kiko chini ya kiwango kinachoanza kutozwa (Tanzania Bara, kwa mfano, shilingi 270,000 kwa mwezi ya kwanza haina kodi), lakini hiyo haikuondolei wajibu wa kumworodhesha kwenye ritani ya mwezi, wala mchango wa hifadhi ya jamii, wala mfuko wa fidia kwa wafanyakazi.

Halafu tarehe. Tanzania kodi ya mishahara inafika ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha, Kenya tarehe 9. Mfadhili akichelewesha hela, mamlaka haijui habari za mfadhili. Sisi siku hizi tunalipa mishahara baada ya kutenga kodi, si kabla. Mwanzoni wafanyakazi walinuna.

DADA TAKWIMU

Duh. Kumi na wawili, miaka miwili. Tufanyeje? Tukijipeleka wenyewe si ndiyo tunajichongea?

MTUNZA LEJA

Jipelekeni. Sisi tulijipeleka na ndicho kitu pekee cha akili tulichofanya. Tengenezeni kwanza jedwali la miezi yote, nani alilipwa nini, kwa vocha zilizopo. Msibuni, penye pengo andikeni pengo. Kisha bodi ikae, muhtasari wa kikao usainiwe kwamba tumegundua kosa na tunaomba kulipa kwa awamu. Sheria nyingi za kodi zinampa kamishna nafasi ya kupunguza adhabu na riba kwa anayejisalimisha kabla hajakamatwa, na kukubali malipo ya awamu. Baada ya barua ya ukaguzi kufika, nafasi hiyo inakuwa finyu sana.

Na huyo mhasibu mpeleke kozi. Simwiti mbaya.

MWENGE WA USIKU

Mada nzuri. Mimi naomba msaada kuhusu jambo la aibu kidogo. Ofisi yetu imo kwenye nyumba ya mkurugenzi. Shirika linamlipa pango. Mkaguzi wa nje ameandika hoja. Mkurugenzi amekasirika, anasema amewasaidia kwa bei nafuu.

WAKILI MSTAAFU

Nijibu hili. Si kosa kwa shirika kupanga nyumba ya kiongozi wake. Kosa ni yeye kukaa pande zote mbili za meza. Mkaguzi anatafuta vitu vitatu: je, mkurugenzi alitoka kikaoni wakati jambo lake linajadiliwa, je, kuna bei za nyumba nyingine za karibu mlizolinganisha, je, mkataba upo na kodi ya zuio kwenye pango ilikatwa? Kama jibu ni hapana kwa vyote vitatu, basi hata kama bei ni nafuu hamna namna ya kuonyesha kwamba ni nafuu.

Marekani kiongozi aliyejinufaisha kupita thamani halisi anatozwa yeye binafsi asilimia 25 ya ile ziada, na asipoirudisha inapanda hadi asilimia 200. Kwenye nchi nyingine adhabu ni kunyang'anywa hadhi, ambayo inawaumiza wasio na hatia. Mimi kwa maoni yangu ule mtindo wa Kimarekani ni wa haki zaidi.

MWENGE WA USIKU

Alitoka kikaoni? Mzee, yeye ndiye alikuwa mwenyekiti wa kikao.

WAKILI MSTAAFU

Basi rudieni kikao.

MTUNZA LEJA

Niseme na la ripoti halafu nitulie.

Kila mlango una kalenda yake. Ripoti ya mwaka kwa msajili haiendi kodini, na ritani ya kodi haiendi kwa msajili. Nimeshuhudia shirika limepeleka hesabu nzuri kabisa, zilizokaguliwa, kwa mamlaka ya kodi miaka mitano mfululizo, na kwa msajili hawajawahi kukanyaga. England hata muda haulingani: kampuni ya hisani ina miezi 9 baada ya mwaka wa hesabu kupeleka hesabu kwa msajili wa makampuni, na miezi 10 kwa Charity Commission.

Na kukaa kimya kuna gharama hata pale usipodaiwa chochote. Marekani shirika lisilopeleka ritani yake ya taarifa miaka mitatu mfululizo linapoteza msamaha moja kwa moja, bila kikao. Orodha ya kwanza ilipotoka mwaka 2011 ilikuwa na mashirika takribani 275,000. Mengi yalikuwa yameshakufa zamani, lakini yapo yaliyokuwa hai, madogo, ambayo yalitakiwa kujaza tu ile fomu fupi ya mtandaoni, 990-N, ya wenye mapato ya kawaida yasiyozidi dola 50,000. Jina la shirika, anwani, kiongozi, basi. Kwa wenzetu mlioko huko na vyama vyenu vya kusaidiana, angalieni hili leo leo.

Tanzania kuna lingine: kanuni za 2018 zinataka mkataba wa ufadhili unaozidi shilingi milioni 20 upelekwe kwa Msajili na Hazina ndani ya siku 10 tangu kusainiwa. Siku kumi ni chache. Sisi tunaandaa barua kabla ya kalamu kugusa mkataba.

Na benki. Msiwakasirikie wakiwaomba nakala za vitambulisho vya bodi nzima kila mara. Tangu 2001 kuna pendekezo la FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji wa fedha, linalohusu mashirika yasiyo ya faida na hatari ya kutumiwa kupitisha fedha za ugaidi, linaitwa la 8 sasa hivi, na benki zinalitafsiri kwa woga kuliko lilivyoandikwa. Bodi ikibadilika, peleka mabadiliko kwa msajili kwanza, benki pili, kodi tatu, wiki hiyo hiyo. Saini ya mjumbe aliyeondoka miaka miwili iliyopita ikiendelea kutoa hela, hakuna atakayekusikiliza.

NYUKI MFANYAKAZI

Mkuu na masurufu? Mtu anachukua hela ya safari harudishi stakabadhi.

MTUNZA LEJA

Asipewe masurufu mapya mpaka yale ya kwanza yafungwe. Yasipofungwa kwa muda mliojiwekea yanakatwa kwenye mshahara, na iandikwe kwenye mkataba wa kazi tangu siku ya kwanza. Masurufu yasiyorejeshwa, kwa macho ya kodi, yanaanza kufanana na mshahara.

DADA TAKWIMU

Nimerudi. Nimekaa na mhasibu, tumeanza jedwali. Miezi mitatu vocha hazionekani. Tumeandika pengo kama ulivyosema.

Ila wakati tunapekua tumepata na barua ya hadhi ya hisani, nilikuwa sijawahi kuiona. Ipo kabisa, ina mhuri. Tatizo jina lililoandikwa si letu la sasa. Shirika lilibadili jina miaka mitatu iliyopita.

MTUNZA LEJA

Mabadiliko ya jina yalipelekwa kwa msajili?

DADA TAKWIMU

Ndiyo, hati mpya tunayo. Kodini sina hakika. Kwenye mtandao wao namba yetu ya mlipakodi bado inasoma jina la zamani.

WAKILI MSTAAFU

Binti, hiyo barua usiiambatishe popote kwa sasa, hasa kwa mfadhili. Andika barua mbili leo. Ya kwanza ni ya kubadili jina kwenye namba ya mlipakodi, uiambatishe na hati mpya na muhtasari wa mkutano mkuu uliopitisha jina. Ya pili ni ya kuomba uamuzi ule utambulike kwa jina jipya. Kwenye ile ya pili sema wazi kama malengo yalibadilika au hayakubadilika. Yalibadilika?

DADA TAKWIMU

Tuliongeza moja. Mikopo midogo kwa akina mama.

WAKILI MSTAAFU

Yenye riba?

DADA TAKWIMU

Kidogo.

MTUNZA LEJA

Dada, niandikie faraghani. Hiyo ni tambi.